Majua Manane Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, tarehe 16 Septemba

Ngazi mia moja arobaini na mbili. Nimezihesabu leo kwa hasira, moja moja. Lifti imeharibika tangu Mei na mlangoni kwake kuna karatasi inayosema fundi anakuja kesho. Kesho ya Mei!

Niko juu ya paa la Kitivo cha Fizikia kwa sababu ya Profesa Karastoyanov. Mwezi wa sita alininyima alama ya vitendo. Akaniambia nimletee michoro minane ya Jua, ya siku nane tofauti, iwe ndiyo mtihani wangu wa marudio. Nikamwambia hakuna shida, Profesa, kiangazi chote ni changu. Kisha nikaenda Sozopol kuuza mahindi ya kuchemsha ufukweni, na kiangazi kikaisha bila kuniaga. Mwisho ni Ijumaa tarehe 27, saa sita mchana. Nisipoleta, nakariri mwaka wa tatu. Anayekariri hunyang'anywa chumba cha bweni. Nitarudi Karlovo kulala kwenye kochi la bibi pamoja na paka wake, ambaye hanipendi na hafichi.

Siku kumi na mbili, majua manane. Hesabu nyepesi. Nilipanda na penseli mbili.

Kazi yenyewe ni ya kitoto. Darubini iliyo ndani ya kuba inamwaga picha ya Jua kwenye karatasi yenye duara. Unafuata madoa kwa penseli, unaandika saa, unaipa hali ya anga alama kuanzia moja hadi tano, unashuka. Dakika ishirini tu. Ila ufunguo anautunza Velizara Mincheva, wa mwaka wa pili, nyuma yangu mwaka mzima, ambaye tangu akabidhiwe hajakosa siku hata moja. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele. "Ehee, kaka! Umepotea? Mkahawa uko chini." Nilikuwa bado natafuta pumzi.

Halafu moshi! Shangazi Tsonka, mlinzi wa jengo, ameweka tanuri lake la umeme la kuchomea pilipili hoho hatua tano kutoka kwenye kuba. Ana magunia manne. Anatengeneza lyutenitsa ya kupaka mkate mwaka mzima, na anasema paani ndiko kwenye soketi na hewa. Hewa ndiyo hiyo! Yote ilikuwa inacheza kwa joto. Jua lililoangukia karatasi yangu lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Sikuona doa, niliona mchuzi. Velizara yeye alikuwa ameshachora tangu saa mbili, kabla tanuri halijawashwa. Saa mbili asubuhi! Mtu mwenye akili timamu anaamka saa ngapi?

Michoro: sifuri. Lakini siku bado ni nyingi.

Jumanne, tarehe 17 Septemba

Nilijaribu upole. Nilimwendea Shangazi Tsonka saa nne, nikamsalimia vizuri, nikamuulizia miguu yake. Miguu haijambo. Nikamweleza kwamba hewa ya moto ikipanda mbele ya darubini picha inavurugika, kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, ahamishie tanuri uani. Alinisikiliza hadi mwisho huku akigeuza pilipili zake. Akaniuliza kama Jua litakuwepo Oktoba. Nikasema litakuwepo. Akaniuliza kama pilipili hoho za kijiji cha Kurtovo Konare zitakuwepo Oktoba. Nikasema zitakuwa zimekwisha.

"Basi mwanangu, sasa nani amngoje mwenzake?"

Mimi si mtu wa kuchezewa hivyo. Nilikaa kwenye ngazi nikaandika barua ya malalamiko, ukurasa mzima, kwa mkuu wa kitivo, Profesa Sofiya Hadzhieva. Nikaweka maneno mazito, kama "uharibifu wa sayansi ya taifa". Saa sita juu ya alama nikagonga mlango wake.

Lo! Leo ni siku ya jina lake, sikukuu ya Mtakatifu Sofiya. Akina Sofiya wote wa nchi hii wako milango wazi na watu wanaingia bila mwaliko. Chumba kimejaa maprofesa, makarani, hata dereva. Katikati ya meza kuna mkate wa moto na bakuli la lyutenitsa, nyekundu, nzito, ya mwaka jana, ya nani? Ya Shangazi Tsonka! Mkuu wa kitivo akadhani nimekuja kumpongeza. Akanishika mkono, akanikalisha, akanipakia kipande yeye mwenyewe. Karani wa masomo akanieleza, mdomo ukiwa umejaa, kwamba chupa kumi na mbili za mwaka huu zimeshaagizwa na ofisi ya mkuu wa chuo. Akaniuliza kama nami naagiza.

Nilikula vipande vinne. Ni tamu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Barua ilibaki mfukoni ikanywa mafuta. Nilipojinasua ilikuwa saa tisa, na mawingu kutoka milima ya Rodopi yalikuwa yamekaa juu ya mji mzima.

Jumatano, tarehe 18 Septemba

Leo niliacha upole nikatumia akili.

Fyuzi ya paa iko kwenye kisanduku cha ghorofa ya tano, nyuma ya ramani ya kale ya mwezi. Nilifika saa tatu na nusu, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaichomoa, nikaitia mfukoni. Nikapanda nikipiga mluzi. Tanuri kimya! Moshi hakuna! Hewa imetulia kama kioo. Nilitaka kucheza.

Shangazi Tsonka alishuka ghorofa moja akarudi akiburuta waya mrefu wa umeme, akauchomeka kwenye soketi ya maabara ya chini, akawasha. Dakika nne! Mwanamke ana miaka sitini na tano!

Kuba ndilo halikuwaka. Nilikuwa nimesahau kwamba mota ya kuba inakula umeme kutoka kwenye fyuzi hiyo hiyo. Velizara alikuwa amemaliza mchoro wake na kulifunga ili vumbi lisiingie. Sasa mlango wa kuba haufunguki, na fyuzi iko mfukoni mwangu, na siwezi kuitoa mbele yake. Akaniambia kuna mpini wa kuzungusha kwa mkono, karibu kaka, jisikie nyumbani. Nilizungusha mara mia tatu. Mlango ukafunguka, mwembamba, unatazama kaskazini. Kaskazini! Jua halijawahi kupita kaskazini ya Bulgaria tangu dunia iumbwe. Ili kuligeuza kuba zima kuelekea kusini lazima uvute kamba, na kamba inataka watu wawili. Velizara akasema yeye angenisaidia kwa moyo wote, lakini ana miadi na maktaba.

Jioni nilishuka kurudisha fyuzi. Ndiyo kwanza ninaisukuma mahali pake, nikasikia kikohozi. Shangazi Tsonka amesimama nyuma yangu na ndoo. Akaangalia kisanduku. Akaangalia mkono wangu. Akanipa pilipili moja ya kuchoma yenye chumvi, akaenda zake. Sijawahi kuogopa chakula namna ile.

Alhamisi, tarehe 19 Septemba

Mvua. Kutwa nzima.

Siku zilizobaki: nane. Majua yanayotakiwa: manane. Nimeiangalia hesabu hiyo kila upande na haina nafasi hata ya kupiga chafya.

Ijumaa, tarehe 20 Septemba

Ningeandika kwa macho yote mawili, lakini la kushoto halifunguki.

Shangazi Tsonka aliningoja mlangoni asubuhi. Akasema ana mambo mawili ya kuniambia. La kwanza, yeye si mmbeya, na habari za fyuzi hazitamfikia Profesa Karastoyanov kutoka kinywani mwake. La pili, ana ndoo sita za pilipili zilizochomwa jana usiku na hana wa kumsaidia kumenya. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja. Nikaelewa.

Hata hivyo mimi si mjinga, nikajadiliana. Nikasema namenya, lakini kuanzia saa nne hadi saa tano tanuri lizimwe, nichore. Akanipa mkono. "Neno langu ni neno, mwanangu. Ila uchore ukishamaliza ndoo."

Kumenya pilipili hoho ni kazi ya shetani. Ngozi inanata kwenye vidole, mbegu zinaingia kwenye mikono ya shati, na ukidhani umemaliza moja kuna kipande kimebaki chini. Saa nne ikafika. Shangazi Tsonka akazima tanuri, mwaminifu kama kengele ya kanisa. Mimi niko ndoo ya pili. Nikaongeza mwendo. Hakuna aliyeniambia kwamba ndoo ya tatu ni zile kali! Alizichanganya kwa ajili ya ofisi ya fedha, wanapenda zinazowasha. Saa nne na nusu jasho likaniingia jichoni, nikalifuta kwa kidole.

Sitaeleza kelele nilizopiga. Velizara alieleza baadaye, kwa watu wote waliokuwa mkahawani, akiniigiza na mikono. Shangazi alinimwagia ayrani usoni, chupa nzima ya maziwa ya mgando yenye chumvi. Saa tano ikapiga na tanuri likawashwa, maana neno lake ni neno.

Kwa hiyo siku zilizobaki ni saba, majua ni manane, na jicho ni moja. Kwa njia ya halali nimekwisha. Nililala kitandani nikifikiria kochi la bibi, na nitasema wazi: nililia kidogo, na si jicho lile bovu peke yake.

Jumamosi, tarehe 21 Septemba

Nimefufuka! Wazo limekuja nikipiga mswaki.

Nani alisema Jua lazima lichorwe paani? Liko kwenye simu yangu! Setilaiti inalipiga picha kila siku, safi, bila moshi, bila ngazi, bila Velizara. Siku zilizopita nanakili tu. Siku zijazo ndizo uzuri wenyewe: madoa hutembea kwa mwendo unaojulikana, kila siku hatua ile ile, kutoka ukingo huu hadi ule. Sihitaji kuyaona. Nahitaji rula. Kutwa nzima nilikaa na fomu nane mezani, na majua manane yakatoka mkononi mwangu yakiwa yamepangana kama wanajeshi. Nimeona fahari. Hii ndiyo astronomia ya kweli, ile nyingine ni kupanda ngazi.

Na sikuwa mzembe. Jumatano niliiruka, kuba lilikuwa limefungwa, mimi ninayejua kuliko wote. Alhamisi nikairuka, mvua. Mpumbavu angechora Alhamisi! Jua la setilaiti liko wima, na darubini yetu hupindua kushoto kuwa kulia, kwa hiyo nikapindua yote. Tarehe 16 na 17 nikaandika hali ya anga mbili, moshi. Ukweli mtupu. Penseli nikaichonga mara moja tu, ili siku zinavyokwenda mstari uwe mnene, kama mtu anavyochoka. Saa zote niliandika za kuanzia saa tano, maana saa tano Velizara huacha ufunguo kwenye msumari na kwenda maktaba, na Shangazi Tsonka haangalii watu, anaangalia pilipili.

Mchoro wa mwisho ni wa Jumatano ijayo, tarehe 25. Hali ya anga: nne. Nimekuwa mkarimu.

Jumapili, tarehe 22 Septemba

Sikukuu ya Uhuru. Bendera kila dirisha. Mama alipiga simu kutoka Karlovo kuuliza marudio yanaendaje. Nikamwambia nimeshamaliza, nasubiri tu siku zifike. Akasema haelewi. Nikamwambia ni mambo ya kisayansi. Akasema bibi ananisalimu na kochi limefuliwa foronya, endapo.

Endapo! Familia yangu mwenyewe!

Jumatano, tarehe 25 Septemba

Nimeamka saa moja na nusu asubuhi. Mimi! Nilisimama dirishani na blanketi nikiangalia mbingu, maana leo niliahidi hali ya anga nne na mbingu zilikuwa za kijivu kabisa. Saa mbili, mawingu. Saa tatu, mawingu. Saa nne nikaanza kuongea nayo. Nikayaambia yaondoke, yana milima yote ya Rodopi ya kukalia, kwa nini hapa? Mwenzangu wa chumba aliinua kichwa akauliza kama nina homa.

Saa tano na dakika tano Jua likatoka! Safi kabisa! Nilipiga kelele za furaha. Mwenzangu wa chumba akasema kama ninalipenda hivyo Jua si nipande paani nikalichore. Watu wengine hawana uwezo wa kuelewa mpango. Nilirudi kulala.

Alhamisi, tarehe 26 Septemba

Mambo yameharibika. Naandika hivyo hivyo.

Niliingia kwa Profesa Karastoyanov saa nne nikiwa nimechana nywele. Velizara alikuwa pale, anapanga daftari za mwezi kwenye rafu. Vizuri, nikafikiri, na aone. Nikaweka majua yangu manane mezani. Profesa akavaa miwani. Akaangalia la kwanza. La pili. Akarudi la kwanza. Akaanza kutabasamu, nami nikatabasamu pia.

"Radostin, kijana wangu," akasema taratibu, "mama mkwe yuko wapi?"

Nikamwambia sijaoa.

Velizara akaachia daftari likaanguka. Aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Profesa akatoa daftari la mwaka huu, akafungua. Akatoa la mwaka 2003. La mwaka 1991. Ukurasa baada ya ukurasa, majua ya watu tofauti, penseli tofauti, madoa tofauti. Na kwenye kila moja, chini kushoto, karibu na ukingo, nukta moja nyeusi yenye mkia, pale pale, haijasogea. Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniua. Mwaka 1986 kuna mtu aliangusha lenzi na ikameguka kipande. Lenzi nyingine haikununuliwa. Tangu hapo, kila anayechora Jua kwenye darubini ile huanza kwa nukta ile, ili kujua karatasi imekaa sawasawa, na wanafunzi wanaiita mama mkwe, kwa sababu madoa yote huja na kuondoka ila yeye tu haondoki. Kwanza unamsalimia mama mkwe, ndipo unaendelea na kazi.

"Huyu alikuwa mvivu kuliko wewe," akasema, kidole kikiwa kwenye mwaka 1991. "Huyu alikuja amelewa, tazama mistari. Huyu siku hizi ni padri. Wote walimsalimia. Miaka thelathini na minane, wewe ndiye wa kwanza kuniletea Jua lisilo na mama mkwe. Umeniletea manane!"

Velizara, mwema kama kawaida yake, akaongeza kwamba tangu Jumatatu kuna kundi jipya la madoa limezaliwa katikati ya Jua, kubwa, mtoto mdogo angeliona, na kwenye michoro yangu ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano halipo. Nikasema pengine lilikuwa nyuma ya moshi.

Profesa akafungua orodha ya alama. Mbili ni kufeli, na aliandika kitanzi cha juu cha mbili mbele ya macho yangu. Nilitaka kusema kitu chenye akili. Nilisema, "Profesa, tafadhali, bibi yangu ana paka." Sijui kwa nini.

Hapo mlango ukafunguliwa kwa kiwiko. Shangazi Tsonka na chupa tatu za lyutenitsa, bado za moto. Akaona majua, akaona uso wangu, akauliza huyu kafanya nini tena. Akaelezwa. Akaweka chupa mezani, akajifuta mikono.

"Profesa, huyu mtoto ni mwongo," akasema. "Tena mwongo mvivu, ndio wabaya zaidi. Wiki iliyopita alichomoa fyuzi ya paa."

Nikafumba macho. Neno lake ni neno!

"Lakini aliirudisha mwenyewe. Na pilipili zangu alizimenya ndoo tatu, jicho likavimba kama andazi, na hakukimbia. Mwenye kukimbia angekimbia. Mpe na yeye siku moja. Si unaila kila mwaka?" Akaisukuma chupa moja mbele kidogo.

Profesa aliivuta chupa upande wake. Kisha akasema hivi: kesho, kabla ya saa sita mchana, mchoro mmoja, wa kweli, kwenye darubini. Ukiwepo na ukiwa wa kweli, tatu, alama ya kupita kwa kuchechemea. Usipokuwepo, atamalizia ile mbili. Kitanzi chake amekiacha hapo hapo kwenye karatasi, kinaningoja.

Ijumaa, tarehe 27 Septemba

Saa mbili kasoro nilikuwa nimeshapanda. Velizara alinikuta nimekaa mlangoni. Akafungua kuba.

Mawingu. Saa tatu, mawingu. Saa nne. Shangazi Tsonka alikuwa na gunia la mwisho, lakini hakuwasha tanuri. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, akiangalia juu pamoja na sisi. Saa tano. Velizara alitakiwa kwenda maktaba, hakwenda. Akaniambia kaka, ukikalia hicho kiti kwa miguu inayotikisika hivyo utaitikisa na darubini, simama huko. Nikasimama huko. Saa tano na nusu nikaanza kuhesabu nguo zangu zitaingia kwenye mabegi mangapi.

Saa tano na dakika thelathini na nane wingu likapasuka.

Jua likaanguka kwenye karatasi, kubwa, jeupe, limetulia. Hakuna moshi. Na chini kushoto, yule pale! Mweusi, ana mkia, amekaa kama mwenye nyumba. Nikasema shikamoo mama, kwa sauti, sikuweza kujizuia, na nikamchora kwanza. Kisha nikayaona yale madoa mapya. Nilidhani doa ni nukta. Si nukta. Ni kitu chenye kiini cheusi na ukingo wa kijivu kama nyuzi, na pembeni yake vitoto saba, na kila ukiangalia unaona kingine kidogo zaidi. Lilikuwa huko juu wiki nzima na mimi niko kitandani na rula. Nilifurahi, naandika hivyo bila aibu. Kwa dakika kumi sikuwaza bweni, wala alama, wala mtu yeyote. Nilisahau hata kuangalia saa.

Saa niliangaliziwa na Velizara. "Saa sita kasoro dakika sita! Ngazi!"

Mia moja arobaini na mbili. Nilizishuka tatu tatu na mchoro kifuani. Niliingia kwa Profesa huku kengele inapiga. Aliuchukua, akauangalia kwa kioo cha kukuzia, akauweka kando ya mchoro wa Velizara wa jana. Akasema mstari unatetemeka. Akasema saa haijaandikwa. Akanipa kalamu niandike. Kisha akachukua orodha, akaongeza kitanzi kingine chini ya kile cha kwanza, ikawa tatu. Tatu mbaya, imepinda, lakini tatu!

"Hili sasa ni Jua," akasema.

Nilimpigia mama. Alilia. Bibi alichukua simu akasema paka atasikitika. Shangazi Tsonka nilimbusu mashavu yote mawili, akaniambia ninuke sabuni kwanza. Nimejifunza jambo kubwa wiki hii. Hakuna kama kwenda kuona kwa macho yako mwenyewe. Nitaliandika kwa herufi kubwa nilibandike ukutani: KWENDA KUONA KWA MACHO YAKO.

Jumapili, tarehe 29 Septemba

Sijalibandika bado, gundi imekwisha.

Profesa Karastoyanov amenituma. Wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza wamefika, kumi na wawili, na Jumanne saa nne lazima mtu awapandishe paani awaonyeshe jinsi Jua linavyochorwa. Amenichagua mimi. Alisema hakuna ajuaye vizuri kama mimi jinsi lisivyochorwa. Velizara alipiga makofi. Nimekubali, ni heshima kubwa, na wale watoto tayari wananiita kaka kwa adabu inayotakiwa.

Lakini nimefikiri. Mbele ya watu kumi na wawili mstari utatetemeka tena. Mawingu huwezi kuyaamini, nimeshayajua. Lifti bado. Na mwalimu akikosea mbele ya wageni anapoteza heshima ya mwaka mzima. Si udanganyifu, ni maandalizi. Rula ilikuwa mezani, simu ilikuwa na chaji, kazi ya nusu saa. Mama mkwe nimemweka mahali pake kabisa, na mkia wake. Nikifika nao juu nitazungumza kwa kirefu, wakigeuka kutazama milima nibadilishe karatasi.

Jua la Jumanne tayari liko chini ya godoro.